Duru ya Sarosi na Kupatwa kwa Mwezi Kusikoonekana

Usiku wa tarehe 3 Machi 1988, saa 1 na dakika 13 kwa saa za Afrika Mashariki, mwezi mpevu ulifika mahali ambapo wataalamu wa falaki hawakuafikiana kuwa ni ndani au ni nje. Vitabu vya hesabu vilivyofuata kanuni ya William Chauvenet, Mmarekani wa karne ya 19, vilisema kwamba ukingo wa mwezi uliingia katika kivuli cha dunia, ingawa kwa kiasi kidogo mno, na kwa hiyo sehemu yake ilipatwa. Vile vilivyofuata kanuni ya Mfaransa André Danjon, iliyotolewa mwaka 1951, vilisema kwamba mwezi ulipita kando ya kivuli hicho pasipo kukigusa. Hapakuwa na kosa la hesabu kwa upande wowote. Waliyohitilafiana ni ukubwa wa kivuli chenyewe: hewa inayoizunguka dunia hukinenepesha kidogo kivuli chake, na kila mmoja wa mabwana hao alikuwa na njia yake ya kukadiria unene huo. Chauvenet aliongeza sehemu moja ya hamsini juu ya kivuli chote. Danjon aliongeza unene wa hewa juu ya dunia kabla ya kupiga hesabu ya kivuli.

Ili neno hili lifahamike, yafaa kueleza kwamba dunia ina vivuli viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani ndicho kivuli kizito. Mtu ambaye angesimama juu ya mwezi na kuingia humo angeliona jua limefunikwa lote na dunia. Cha nje ndicho kitakachoitwa hapa kivuli chepesi. Mtu yule angeliona jua limefunikwa sehemu tu, na sehemu iliyobaki ingeendelea kuangaza. Penye umbali wa mwezi, kivuli kizito kina upana wa kilomita 9,000 hivi, nacho chepesi, pamoja na kile kizito kilichomo ndani yake, kina upana wa kilomita 16,000 hivi. Mwezi wenyewe una upana wa kilomita 3,474. Ukipita katika kivuli chepesi peke yake, nuru yake hupungua kwa kadiri ambayo jicho la mtu aghalabu halitambui. Mpaka zaidi ya nusu ya upana wake iwe imezama humo ndipo mtazamaji makini ataona utusitusi upande mmoja, kama moshi mwembamba juu ya sahani nyeupe.

Jambo la namna hiyo halikuwa na jina katika elimu ya kale. Neno la Kilatini penumbra, lililoenea katika lugha za Ulaya, liliundwa na Johannes Kepler katika kitabu chake cha elimu ya nuru cha mwaka 1604, kwa kuunganisha maneno mawili yenye maana ya “karibu” na “kivuli”. Ni neno la mtu wa hesabu, si neno la mtazamaji. Hata hivyo duru iliyotumiwa kubashiri kupatwa kwa mwezi ilikwisha kujulikana zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Kepler, na ndani ya duru hiyo zilikuwamo nafasi za kupatwa ambako hakuna mtu aliyekuona. Namna nafasi hizo zilivyoandikwa kabla ya kuwa na jina ndiyo habari inayostahili kuchunguzwa.

Habari hiyo inaanzia Babeli. Ptolemy, aliyeandika huko Iskandaria katika karne ya 2, alisema kwamba maandishi ya watazamaji wa Babeli yaliyomfikia yalianzia zama za mfalme Nabonassar, yaani mwaka 747 K.K. Kupatwa kwa zamani kabisa alikokutumia katika hesabu zake kulitokea tarehe 19 Machi 721 K.K. Kwa karne nyingi huo ulikuwa ushahidi wa mkono wa pili tu. Katika karne ya 19 vibao vya udongo vilivyochimbwa Babeli vilifika London kwa maelfu, na mapadre wa Kijesuiti, Strassmaier aliyenakili na Epping aliyepiga hesabu, wakaanza kuvifumbua katika miaka ya 1880. Mwaka 1955 Abraham Sachs alitoa chapa ya nakala nyingi za vibao hivyo, na tangu hapo wanafunzi wa elimu hii wamekuwa na maneno ya Wababeli wenyewe mbele yao.

Katika vibao hivyo mna orodha za kupatwa zilizopangwa kwa safu za miaka kumi na minane. Msomaji akishuka safu moja ataona kupatwa kwa mwezi kukifuatana kwa wakati. Akivuka kwa upande kutoka safu hata safu ataona kupatwa kunakofanana, kila kumoja kikiwa ni miaka kumi na minane na siku chache baada ya kwingine. Kila safu ina nafasi 38. Kutoka nafasi moja hata ya pili ni miezi sita, isipokuwa mara tano ambapo ni miezi mitano. Hesabu yake ni nyepesi: nafasi 33 za miezi sita ni miezi 198, na nafasi 5 za miezi mitano ni 25, jumla 223. Miezi hii ni ile ya kuandama, ambayo Mswahili anaijua vizuri kuliko watu wengi wa Ulaya, kwa kuwa kwake mwezi mwandamo ungali ni kipimo cha kufunga na kufungua. Ili kutochanganya mwezi wa mbinguni na mwezi wa kuhesabu, huu wa pili utaitwa hapa mwandamo.

Sasa liko jambo ambalo wasomaji wa kwanza wa vibao walilipita upesi. Si nafasi zote 38 zilizojazwa na kupatwa kulikoonekana. Nyingine zimeandikwa maneno ya kukata, yenye maana kwamba watu walikesha wakingoja lakini hawakuona kitu. Nyingine zasema kwamba kupatwa “kulipita”, maana yake saa yake ilikuwa mchana, mwezi ukiwa chini ya upeo. Yule asiyependa elimu ya kale huweza kusema kwamba hizi za kwanza zilikuwa bashiri zilizoshindwa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Hesabu ya siku hizi yatoa sura nyingine.

Fred Espenak na Jean Meeus, katika orodha yao kubwa iliyotolewa mwaka 2009, walihesabu kupatwa kwa mwezi 12,064 katika miaka 5,000, kutoka mwaka 2000 K.K. hata mwaka 3000. Kati ya hizo, 3,479 ni kupatwa kuzima, 4,207 ni kupatwa kwa sehemu, na 4,378 ni za kivuli chepesi peke yake. Mtu akigawanya hesabu hizi kwa duru ya miandamo 223 atapata kwamba katika kila duru mwezi hugusa kivuli kizito mara 28 hivi, na mara nyingine kama 15 au 16 hupita katika kivuli chepesi tu. Katika duru hiyo jua hupita mara 38 katika mahali ambapo njia yake hukatwa na njia ya mwezi, na karibu kila mara hizo 38 huleta walau kupatwa kumoja kwa namna yoyote. Kwa hiyo katika nafasi 38 za Wababeli, kama 28 zilikuwa za kuonekana kama mbingu ni safi na mwezi uko juu, na kama 10 zilikuwa za kivuli chepesi. Zile 5 au 6 zilizobaki huja mwandamo mmoja kabla au baada ya nyingine, nazo hazikuwa na mahali katika mpango wao.

Yule karani aliyeandika kwamba alikesha na hakuona kitu, basi, mara nyingi hakuwa amebashiri uongo. Mwezi ulikuwa kweli umo kivulini, mbele ya macho yake, naye hakuweza kujua. La ajabu zaidi ni kwamba hakuifuta nafasi ile. Kama angeifuta, mpango wa 38 ungevunjika na duru isingeonekana. Kwa kutunza nafasi tupu pamoja na zilizojaa, makarani wa Babeli walihifadhi kitu ambacho hawakuwa na jina lake wala sababu ya kukiamini ila mfuatano wa hesabu peke yake.

Jambo hili halikuwa mchezo wa wasomi. Katika karne ya 7 K.K. wataalamu waliomtumikia Esarhaddon, mfalme wa Ashuru, walimpelekea barua nyingi juu ya dalili za mbinguni, na kubwa kuliko zote ilikuwa kupatwa kwa mwezi. Kupatwa kwa namna fulani kulihesabiwa kuwa ni hukumu ya kifo juu ya mfalme. Ili kumwokoa, mtu mwingine alivikwa mavazi ya kifalme, akaketishwa kitini kwa muda usiozidi siku mia moja, kisha akauawa, na mfalme akarudi mahali pake akiwa salama. Mtaalamu aliyemwandikia mfalme kwamba mwezi utapatwa, au kwamba hautapatwa, alikuwa na roho ya mtu mkononi. Katika hali hiyo kupatwa kusikoonekana kulikuwa ni heri: hakuna kilichoonekana, hakuna dalili, hakuna mtu wa kuketishwa kitini. Mpaka kati ya kivuli kizito na kivuli chepesi, ambao vitabu vya 1988 viliugombania kwa sehemu ndogo mno za upana wa mwezi, huko Ashuru uliamuliwa kwa jicho tu.

Sababu ya duru yenyewe yafaa kutajwa kwa kifupi. Miandamo 223 ni siku 6,585 na saa 8 hivi. Katika muda huo mwezi hurudi mara 242 katika lile fundo ambapo njia yake hukata njia ya jua, na mara 239 katika mahali pa njia yake palipo karibu zaidi na dunia. Hesabu hizi tatu hazilingani barabara, lakini zinapishana kwa saa chache tu, hata kupatwa kunakofuata hufanana na kulikotangulia kwa urefu wake, kwa ukubwa wake na hata kwa majira ya mwaka. Zile saa 8 ndizo zenye usumbufu. Kwa sababu yake dunia huwa imezunguka theluthi moja zaidi, na kupatwa kulikoonekana Babeli huonekana mara ya pili mbali sana upande wa magharibi. Wayunani walitafuta dawa kwa kuzidisha duru mara tatu, wakapata siku 19,756, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, na wakaiita ekseligmosi. Ptolemy anazitaja zote mbili na kusema ni za watu wa kale. Ile mashine ya shaba iliyopatikana katika jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Antikythera, na kuopolewa mwaka 1901, ina mviringo wenye vyumba 223, na kando yake mviringo mdogo uliogawanywa sehemu tatu, moja tupu, ya pili yenye tarakimu 8, ya tatu yenye 16. Hizo ni saa za kuongeza.

Wababeli wenyewe waliiita duru hii kwa maneno ya kawaida kabisa, “miaka 18”. Jina sarosi, linalotumiwa leo katika vitabu vyote, halikuwa lao kwa maana hii, na namna lilivyopatikana ni onyo kwa kila mtunga kamusi. Kulikuwa na neno la kale la Mesopotamia, šār, lenye maana ya 3,600. Berossus, kuhani wa Babeli aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 3 K.K., alilitumia kwa muda wa miaka 3,600, akasema kwamba wafalme waliotawala kabla ya gharika walitawala kwa jumla sarosi 120, yaani miaka 432,000. Katika kamusi ya Kiyunani iitwayo Suda, ya karne ya 10, neno hilo limefasiriwa kuwa ni miandamo 222, au miaka 18 na miezi sita. Mwaka 1691 Edmond Halley alikuwa akisahihisha kitabu cha Pliny, ambamo nakala zilizokuwako zilisema kwamba kupatwa hurudia baada ya miandamo 222. Halley, ambaye alijua falaki kuliko wanakili, aliona kwamba tarakimu hiyo yapasa kuwa 223, na hapo alikuwa na haki. Lakini alipoiona Suda nayo ina 222, alikata shauri kwamba Suda na Pliny wanasema kitu kimoja, na kwamba jina la Wakaldayo la duru ya kupatwa ni sarosi. Mwaka 1756 Mfaransa Guillaume Le Gentil alionyesha kwamba hilo halina msingi. (Huyu ndiye aliyesafiri hadi Bahari ya Hindi kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua, mwaka 1761 na tena 1769, na mara zote mbili hakupata vipimo vya kufaa.) Sauti yake haikusikilizwa. Neno la Halley lilikuwa fupi, lina harufu ya kale, nalo lilijaza pengo. Hata leo hakuna aliyelitoa, na pengine si lazima kulitoa, mradi mtu asije akalitumia kuthibitisha kwamba Wababeli walisema hivyo.

Katika karne ya 19 kupatwa kwa kivuli chepesi kuliachwa tena nje ya hesabu, na safari hii kwa makusudi. Theodor von Oppolzer wa Vienna alitayarisha orodha ya kupatwa kwa jua 8,000 na kwa mwezi 5,200, katika muda wa zaidi ya miaka 3,000. Ilichapwa mwaka 1887, baada ya kifo chake, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo marejeo ya kila mwanahistoria aliyetaka kuhakikisha tarehe ya vita au ya kifo cha mfalme. Ndani yake hamna hata kupatwa kumoja kwa kivuli chepesi. Kwa mwanahistoria hilo ni sawa, kwani asichokiona mwandishi wa tarehe hakiandiki. Kwa anayetaka kuifahamu duru ni hasara, maana kila safu ya sarosi huzaliwa katika kivuli chepesi na kufia humo humo, na orodha ya Oppolzer inaikata kichwa na miguu. Aliyerudisha mawazo kwenye safu nzima nzima alikuwa George van den Bergh, profesa wa sheria huko Amsterdam, ambaye falaki ilikuwa kazi yake ya jioni. Mwaka 1955 alionyesha namna kupatwa kote kunavyoweza kupangwa kwa duru mbili tu, sarosi na nyingine aliyoiita ineksi, yenye miandamo 358, yaani miaka 29 kasoro siku 20. Sarosi huungana na kupatwa kunakofanana. Ineksi huvuka kutoka safu moja hata safu iliyo jirani yake.

Ule mwezi wa 1988 ulikuwa katika safu ambayo kwa hesabu ya leo huitwa ya 113. Safu hii ilianza mwaka 888 kwa mguso wa kivuli chepesi, ikakua polepole hata mwezi ukazima wote, kisha ikaanza kupungua. Sababu ya kukua na kupungua ni ule upungufu mdogo wa hesabu uliokwisha tajwa: kila sarosi ikitimia, jua huwa limesogea nusu ya digrii kutoka mahali pake pa kwanza kwa kulilinganisha na lile fundo, na mwezi nao huvuka kivuli juu zaidi au chini zaidi. Tarehe 21 Februari 1970 mwezi ulichovya ukingo wake katika kivuli kizito, na hakuna aliyebisha. Mwaka 1988 ndipo palipotokea mabishano. Tarehe 14 Machi 2006 mwezi ulikwisha kutoka kabisa katika kivuli kizito, ila ulikuwamo wote katika chepesi, jambo lililo nadra: katika zile 4,378 za miaka 5,000, zipatazo 141 tu ndizo za namna hii, kwa kuwa upana wa kivuli chepesi kando ya kizito hauzidi upana wa mwezi ila kwa kidogo sana. Kwa Afrika Mashariki ilikuwa saa 8 na dakika 48 usiku wa kuamkia tarehe 15, na aliyekuwa macho Lamu au Unguja aliweza kuuona utusitusi ule. Tarehe 25 Machi 2024 safu ilirudi tena, lakini pwani ilikuwa saa 4 na dakika 13 asubuhi na mwezi ulikwisha kutua. Kutoka 1970 hata 2024 ni ekseligmosi moja kamili, na ndiyo maana mwaka 1970 nako huku kulikuwa mchana.

Kiswahili husema mwezi umepatwa, na kitenzi hiki, kikiwa katika kauli ya kutendwa, ndicho kitumikacho kwa maradhi na msiba. Aliyepatwa ameonekana kupatwa. Kwa upande wa sheria ya Kiislamu pia, sala ya kupatwa kwa mwezi hufungamana na kuonekana kwa tukio, wala si na hesabu ya kitabu, hata kivuli chepesi ambacho hakikuonekana hakimlazimu mtu kusimama. Kwa hiyo lugha na fiqhi ziko pamoja na karani wa Babeli, na anayetafuta istilahi hana budi kutunga. Neno “nusu kupatwa” limefaa vibaya, kwa sababu msomaji atadhani nusu ya mwezi imezimika, na huko ni kupatwa kwa sehemu. “Kupatwa kwa kivuli chepesi” ni refu, lakini linasema ni kivuli gani na halimwahidi mtazamaji giza ambalo hataliona. Safu ya 113 ina nafasi kadhaa zilizobaki za kulitumia jina hilo, inayofuata ikiwa tarehe 5 Aprili 2042 na ya mwisho tarehe 10 Juni 2150.